Mpwa wangu achague mchepuo upi?

Mhariri, assalaam aleikum. Mie mwalimu wa kemia hapa Unguja, na mtoto wa dada yangu kaletewa fomu achague sayansi au sanaa (na skulini kwetu hiyo sanaa ni historia na jiografia, kuchora hakumo kabisa) sasa yeye anasema anataka vyote viwili, anataka kuja kufanya kazi ya makumbusho, kuchagua vitu, kuvipanga na kuwaelezea watu. Ukoo mzima umecheka, na mie nikiwemo.

Halafu siku moja tunapita Mji Mkongwe akasimama kwenye mlango wa nakshi akaniuliza, mjomba, huu umepakwa rangi mara ngapi? Nikakwama. Na jibu lake ni kemia yangu mwenyewe, unachukua chembe ndogo ya rangi unaitia kwenye hadubini unahesabu matabaka, lakini tabaka lipi la zama gani na kwanini kizingiti cha juu cha huu kimenyooka na cha ule kina tao la Kihindi, hapo mie sina langu, anatakiwa aliesoma historia ya sanaa.

Hata kuta zetu ndo hivo hivo. Chokaa ukishaichoma na kuizima inavuta kaboni daioksaidi hewani inarudi kuwa jiwe, na ukuta unapumua. Fundi akija na saruji unyevu unafungwa ndani, chumvi inaganda, plasta inavimba mpaka inameguka. Nafundisha mlinganyo huo kila mwaka ubaoni na sijawahi kuwatoa wanafunzi nje wakauone ukutani, aibu yangu.

Na wanaosema kazi hiyo haina mbele, Lubaina Himid kazaliwa hapa hapa Zanzibar 1954, ni mchoraji, kasoma historia ya utamaduni Royal College of Art, 1985 kaandaa maonesho ya wasanii wanawake weusi na wa Kiasia pale ICA, jumba la sanaa London, akawa profesa chuo kikuu cha Preston huko Uingereza, na 2017 akachukua tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Wangapi skulini wanamjua? Mie mwenyewe kanitajia huyo huyo mtoto.

Wakubwa wa elimu naomba mtujibu humu humu gazetini, mwanafunzi wa fizikia na kemia akitaka na historia ya sanaa aende wapi? Fomu inatakiwa Ijumaa, dada kaniachia mie nisaini, na hadi leo iko mezani haina tiki.

Mwalimu wa kemia, Unguja