Bastola ni halali Ohio, ni jinai New Jersey: mume wangu afanye nini?

Ndugu Mshauri,

Naandika kuomba mwongozo juu ya jambo lililotugawa nyumbani, na ambalo sitaki tuliamue kwa hasira wala kwa maneno ya vijiweni. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Tunaishi Columbus, Ohio, sote tukiwa na grini kadi, na mwakani tunatimiza miaka mitano inayotakiwa ili kuomba uraia. Lori ni letu, tulilinunua kwa mkopo. Mizigo tunaipata kupitia kampuni ambayo mkataba wake hausemi lolote kuhusu silaha. Safari zake nyingi ni kati ya Chicago na maghala ya kaskazini mwa New Jersey, kwa hiyo hupita Illinois, Indiana, Ohio na Pennsylvania kabla ya kushusha mzigo.

Majira ya baridi yaliyopita alivamiwa usiku katika kituo cha malori kando ya barabara kuu ya I-80. Alikuwa ameshuka kukagua kufuli ya tela. Vijana wawili wakampiga begani kwa chuma, wakachukua pochi na simu. Bega limepona, lakini usingizi haujarudi. Siku hizi akiegesha, hupitisha mkanda wa kiti kwenye kishikio cha mlango na kuufunga, ili hata kitasa kikivunjwa mlango usifunguke, na bado huniambia kwamba anaamka kila gari linapopita karibu.

Tangu hapo anataka kununua bastola na kuibeba kiunoni chini ya koti. Madereva wenzake wanamwambia kwamba Ohio ni ruksa, abebe tu. Kwa Ohio wanasema kweli: tangu Juni 13, 2022, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye hakuzuiwa na sheria kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila leseni, na sisi wenye grini kadi hatumo katika kundi la wahamiaji waliozuiwa na sheria ya shirikisho, tofauti na wengi walioingia kwa viza za muda. Indiana ilifuata Julai 1 mwaka huohuo, na kufikia mwaka 2024 majimbo ya namna hiyo yalikuwa 29. Wasichomwambia ni kwamba ruhusa ya Ohio haivuki mpaka wa Ohio. Kwetu Tanzania sheria ya silaha ni moja, ukitoka Tanga hadi Mbeya. Hapa kila jimbo lina yake, na dereva anaweza kuvuka mpaka akiwa amesinzia kwenye foleni ya malori bila kujua kwamba sheria imebadilika chini ya magurudumu yake.

Nimesoma kadiri nilivyoweza, na naomba unirekebishe nilipokosea. Pennsylvania inataka leseni hata kwa bastola iliyo ndani ya gari, na kukosa leseni hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa kubwa la jinai. Illinois haizitambui leseni za majimbo mengine. Inamruhusu mgeni mwenye leseni ya jimbo lake kuwa na bastola ndani ya gari, ila akishuka lazima aiache imefungiwa humo. Mume wangu hakuvamiwa akiwa ndani ya gari. Alivamiwa akiwa ameshuka, kama ambavyo dereva yeyote lazima ashuke kwenda msalani, kujaza mafuta na kukagua matairi, na ndiyo maana najiuliza bastola iliyofungiwa garini ingemsaidia nini usiku ule.

Kinachoninyima raha zaidi ni New Jersey, kwa sababu nayo haitambui leseni ya jimbo lolote lingine, na adhabu yake ni kali. Mwaka 2013 mama mmoja mkazi wa Philadelphia, mwenye leseni halali ya Pennsylvania, alisimamishwa barabarani huko kwa kosa dogo la usalama barabarani, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola, akakamatwa papo hapo na kukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu. Kelele za umma zilimsaidia, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie alimpa msamaha. Yule mama hakuwa na hofu ya kufukuzwa nchini. Sisi tunayo, kwa kuwa sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini hata kama ana grini kadi. Watoto wetu wamezaliwa hapa. Nikimwambia hayo, hunijibu kwamba maiti haihitaji grini kadi, na mimi hukosa la kumjibu, maana hofu yake ni ya kweli.

Wapo wanaotutuliza kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, inayomlinda msafiri anayesafirisha silaha kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali pengine anaporuhusiwa, mradi haina risasi ndani na haifikiki kwa urahisi. Na gari likiwa halina buti, silaha na risasi viwe kwenye kasha lenye kufuli, wala droo ya dashibodi haihesabiki kuwa kasha. Lakini mume wangu hapiti tu New Jersey, anashusha mzigo huko na mara nyingine hulala huko akisubiri mzigo wa kurudi. Nimesoma pia kuhusu msafiri kutoka Utah ambaye mwaka 2005 alikosa ndege ya kuunganisha katika uwanja wa Newark, akalala hotelini na begi lenye bastola, asubuhi akakamatwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba sheria ile haikumkinga, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia. Kama hoteli ilimponza, kitanda kilicho nyuma ya usukani kitahesabiwaje?

Wengine wanasema hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2022 dhidi ya New York imemaliza mambo yote haya. Nilivyoielewa, ilizuia majimbo kumtaka mwombaji wa leseni athibitishe sababu ya pekee ya kujilinda. Haikuyalazimisha majimbo kutambua leseni za wenzao. Muswada wa kuyalazimisha ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 na haukupita Seneti.

Kwa hiyo naomba ushauri wako katika mambo haya. Je, achukue leseni ya Ohio ingawa jimbo halimlazimishi, yaani mafunzo ya saa 8 na maombi kwa sherifu, ili atambuliwe kwingineko na pia asikwame kwenye sheria ya shirikisho ya maeneo ya shule, ambayo hukataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni na humwachia mwenye leseni ya jimbo husika na si yule aliyeruhusiwa tu kubeba bila leseni? Je, kuna namna yoyote halali ya kuingia New Jersey kikazi akiwa na bastola hata kama imefungwa kwenye kasha, au ni heri aiache nyumbani kila mzigo unapokwenda huko na tutafute njia nyingine, kama vile kukubali mizigo ya Indiana na Ohio pekee, hata kama malipo yatapungua? Akisimamishwa na askari aseme nini, iwapo Michigan inamtaka aseme mara moja kwamba ana bastola na Ohio inamtaka ajibu anapoulizwa? Na kabla hajanunua chochote, tuanze kwa wakili wa uhamiaji au kwa wakili wa jinai anayezijua mahakama za New Jersey, maana uwezo wetu kwa sasa ni wa kumlipa mmoja tu?

Wako,
Mke wa dereva,
Columbus, Ohio