Barua kwa mwanangu: hiyo TV ya kibarazani

Mwanangu,

Marahaba, na ahsante kwa ile picha. Nimeikuza weee mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Kibaraza kimetoka vizuri, nguzo zimesimama wima kabisa, na paa umelishusha mbele vile vile nilivyokushauri ukabisha, kumbe umekuja kulifanya kimya kimya bila kuniambia. Haya, nimeona. Nimefurahi sana na kila aliyepita hapa nimemwonyesha.

Ila kuna kitu kingine nimekiona. Pembeni kushoto kuna ekstensheni imepita dirishani, dirisha limefungwa juu yake mpaka waya umebonyea, halafu ukashuka sakafuni ukalala karibu na ndoo ya kudekia. Na mjukuu wangu amesimama peku, hatua mbili tu kutoka hapo. Sasa unaniambia Jumamosi mnatundika TV ukutani na unaniuliza ununue inchi ngapi. Mwanangu, inchi utachagua na mkeo. Mimi nauliza umeme wa hiyo TV unatoka wapi.

Umesema kuna paa kwa hiyo mvua haifiki. Ikuze tena picha yako, angalia chini ya ile taa ya ukutani, kuna mchirizi wa kahawia umeshuka kama kiganja kizima. Hiyo ni kutu. Maana yake maji yalipeperushwa na upepo yakaingia kwenye taa, yakatoka na kutu, na taa iko juu kuliko hapo unapotaka kutundika TV. Paa linazuia mvua inayoshuka wima. Ile ya kusukumwa na upepo inaingia tu, na unyevu wa alfajiri ndio kabisa haujui habari za paa, unaingia ndani ya kifaa kikiwa kimepoa na kugeuka matone humo humo.

Ile TV niliyoiweka kibarazani hapa, wewe ulikuwa umeshahama, hukuona mwisho wake. Ilikuwa ya kawaida ya sebuleni na nilijiambia kama wewe, paa lipo. Haikumaliza mwaka. Ilianza mistari upande mmoja, halafu sauti bila picha, halafu kimya. Fundi alipofungua mgongo tukakuta sisimizi wamezaa humo ndani kwa sababu ya lile joto, na zile pini ndogo za bodi zimeota ukijani. Nikasema basi waranti ipo, nikaenda kudai, wakanifungulia kijitabu wakanionyesha kimeandikwa kwa matumizi ya ndani tu. Nilikuwa sijakisoma. Na wewe chako soma kabla hujalipa.

TV za nje zipo, zimezibwa maji na vumbi visiingie, utaona zimeandikwa IP55 au zaidi, ile 5 ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Bei yake iko juu sana. Na mwanga wake ni mkali zaidi, kwa sababu nyingi za ndani zina niti (hicho ni kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini) kati ya 250 na 400 hivi, ukizitoa nje mchana unajiona uso wako tu kwenye kioo. Za kuwekwa juani zinaanzia niti 1,000 kwenda juu. Kama mtaangalia jioni tu hilo lisikusumbue. Ila usiielekeze kule jua linakozama, skrini ikichomwa na jua moja kwa moja inapata moto na kutokea mabaka meusi.

Kwa akili yangu mimi, kama unaitaka sana, chukua ya kawaida uiweke kwenye stendi ya magurudumu, jioni unaisukuma nje mnaangalia, mkimaliza mnairudisha ndani. Nje usiku kucha isilale. Na usije ukaninunulia lile turubai la plastiki la kuifunika gubigubi, linafungia unyevu ndani ndio mbaya zaidi. Lakini hata ikiwa na magurudumu bado itataka umeme, kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye waya.

Najua utaniambia breka ipo. Breka ya soketi inalinda nyaya zisiunguze nyumba, haimlindi mtoto. Breka ya ampea 16 ni milliampea 16,000, na binadamu milliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuusimamisha moyo. Yaani mtu anakufa na breka imekaa kimya, kwake yeye hakuna lililotokea. Unachohitaji ni kile kifaa mafundi wanakiita RCD, cha milliampea 30, kinalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua kidogo tu kwa sababu umepita kwa mtu kinakata papo hapo. Kina kidude cha kubonyeza kimeandikwa T, bonyeza kila baada ya miezi michache uone kama bado kinakata. Na usiseme TV ina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, nyingi zina pini mbili tu, ethi hazina.

Kwa hiyo aje fundi umeme, wa kweli, sio yule rafiki yako anayejua kila kitu. Avute laini mpya ndani ya paipu, aweke soketi ya nje yenye mfuniko, juu, mtoto asiifikie hata akipanda kiti. Waya wa TV uache ulegee kidogo chini ya soketi kabla haujapanda kuchomekwa, ili maji yakiufuata yadondokee chini yasiingie kwenye soketi. Na radi ikianza kunguruma chomoa, usingoje mpira uishe. Na hiyo ekstensheni itoe. Itoe leo, usisubiri Jumamosi. Dirisha linaloubonyeza waya kila siku linachuna ngozi yake polepole upande wa chini ambao huuoni.

Kuhusu ile siku ya redio sina la kukukumbusha, ulikuwepo. Ila miaka yote tumesema dada yako ndiye aliyeuvuta ule waya ukachunika. Hakuuvuta. Niliuunga mimi kwa selotepu ya karatasi, wiki moja kabla, nikasema fundi wa nini kwa kazi ya dakika tano. Dada yako nimeshampigia juzi tumeongea.

Na wewe nawe, mambo makubwa hivi unaniambia yakiwa yamebaki siku nne. Ungenipigia wakati fundi yuko bado kwenye kuta, laini ingepita ndani ya plasta bila kubomoa kitu, sasa itabidi paipu ipite juu ya ukuta ionekane. Sikulaumu, una kazi, una mtoto mdogo, na hiyo nyumba umeijenga bila kuniomba kitu, mimi kwa umri wako nilikuwa bado sina hata kiwanja. Lakini simu haikuli muda.

Nyingine ni kwamba hao majirani wa upande wa pili ukuta wenu ni mmoja, kwa hiyo sauti ya TV saa nne usiku wataisikia kama iko chumbani kwao, ukaongee nao mapema. Intaneti nayo jaribu kwanza kwa simu ukiwa umekaa pale pale kibarazani, ukuta unaila sana.

Mama yako miwani mpya ameshapata, anasoma vizuri, barua hii ameipitia na anasema nimeandika waya mara nyingi mno. Anauliza yale mashuka aliyokupa mnatumia au yako tu kabatini. Bawaba ya geti hapa imekatika tena, nimeifunga kwa muda. Ufunguo wa stoo nadhani uliondoka nao mfukoni, angalia kwenye ile jaketi ya kijivu. Na drili yangu iko kwako, najua iko kwako, usitoboe nayo ukuta kabla fundi hajakuonyesha nyaya za ndani zimepita wapi.

Nitakupigia Ijumaa jioni. Ukiipokea uwe umesimama hapo kibarazani, nataka uniambie ekstensheni iko wapi.

Baba yako