Malalamiko: mmenikodisha nafasi ya boti isiyo na maji

Kwa meneja wa marina,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa boti ya faiba nyeupe ya futi 28, ile mashine ya ndani, ipo nafasi ya pili kutoka mwisho wa gati upande wa mikoko. Nimepiga simu mara nne, meseji za Whatsapp zina tiki za bluu na hakuna jibu, sasa naandika barua kabisa ili iwepo kwenye faili.

Kwanza mjue nilivyofika kwenu. Miaka yote boti nilikuwa naifunga kwenye boya Msasani. Kipindi cha upepo wa kusi pale hamna neno, peninsula inakinga, ila kaskazi ikishaanza ile ghuba iko wazi kwa huko huko upepo unakotokea, mawimbi yanaingia moja kwa moja na wewe usiku unalala unaiwaza kamba tu. Nikasema mwaka huu natafuta gati. Asiyejua atadhani gati Dar unaokota tu, mimi nimezunguka mwezi mzima, huku wanataka uwe mwanachama kwanza, kule kuna foleni, kwingine wanapokea viboti vya kupandisha kwenye trela basi. Ndio nikakutana na tangazo lenu, nafasi zipo, kina cha kutosha, unatoka na kuingia saa 24. Hiyo saa 24 naomba muiweke pembeni kidogo.

Nikapiga simu, kijana wenu akaniambia njoo Jumamosi saa kumi jioni. Nikamuuliza asubuhi vipi, akasema asubuhi tuko bize. Sawa. Nimefika saa kumi, bahari imejaa mpaka inalamba mbao za gati, akashusha kamba ya kupimia kina, ile yenye risasi nchani, mbele yangu, mita tatu na nusu. Nikamwambia boti yangu inahitaji karibu mita moja kutoka usawa wa maji mpaka chini ya pangaboi, ile feni inayosukuma boti, akacheka, bosi hapa unaingiza hata boti ya Zanzibar. Nikatoa karatasi za boti na cheti cha TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, nikalipa lipa namba miezi mitatu kwa mpigo, 1,050,000. Mkapima boti mkasema ni futi 30 kwa sababu ya kile kibao cha nyuma cha kupandia waogeleaji, hapo sina ugomvi, chombo kinapimwa ncha mpaka ncha najua.

Kosa langu ni moja na nalikiri, sikuangalia mwezi. Ile Jumamosi ulikuwa mwezi mpevu, bamvua, yale maji makubwa, na kwa bahari yetu hii ya Dar bamvua likiwepo maji yanajaa saa kumi saa kumi na moja na yanakupwa saa nne saa tano, asubuhi na usiku, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Yaani mlinionyesha nafasi kwenye saa yake nzuri kuliko zote. Nimeingiza boti wiki iliyofuata kwenye maji mafu, maji hayapandi sana hayashuki sana, boti inaelea vizuri tu, mimi natembea kifua mbele.

Sasa ikafika Jumapili, mwezi ukiwa umeshaandama, yaani bamvua lingine. Wakwe zangu wamekuja kutoka Moshi, baba mkwe hajawahi kupanda boti maishani mwake, tumepanga kwenda kisiwa cha Mbudya, tuna madeli ya barafu, hotpoti la pilau, watoto wameshavaa maboya toka nyumbani. Tumefika kwenu saa tatu kasoro. Nikamsalimia mlinzi, shikamoo mzee, akajibu marahaba mwanangu, leo huondoki. Nikadhani utani. Nimefika kwenye gati nakuta boti imelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe aliyechoka, imepwelewa, na kufika saa nne hata yale madimbwi yaliyobaki yameisha. Akina mama walipita na ndoo na vyuma wakichokoa pweza hatua chache kutoka kwenye usukani wangu, mmoja akanipa pole. Baba mkwe aliuliza swali moja tu, hii ndiyo bahari unayolipia? Pilau tukalia kwenye gari.

Maji yaliporudi mchana nikawasha mashine, boti nzima inatetemeka. Fundi kazama kaangalia, shafti, ule mhimili unaozungusha pangaboi, imepinda kwa sababu boti ililalia pangaboi juu ya jiwe. Lipo jiwe hapo chini, mzee mlinzi analijua, anasema boti kabla ya yangu nayo iliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Sasa kama mlinzi anajua ofisi inashindwaje kujua?

Nimekuja ofisini Jumatatu kijana wenu ananiambia bahari ni ya Mungu, sisi hatupangi maji. Jamani. Maji ya Mungu yana jedwali, bandari wanalo la mwaka mzima, siku na saa na sentimita, ukitaka kujua tarehe fulani mwezi wa nane saa nne kutakuwa na maji kiasi gani unasoma tu. Na ramani za baharini zote kina kinaandikwa kwa kuhesabu maji yakiwa yamekupwa karibu na mwisho wake, sio yakiwa yamejaa, ndio maana nahodha akisoma mita mbili anajua walau hizo mbili atazikuta. Nyie mmepima kwenye kilele cha bamvua mkaandika kina cha kutosha. Hiyo nafasi kwa mtumbwi au kiboti cha mashine ya kunyanyua ni sawa kabisa, aikodishe anayejua, kwa bei yake. Kwa chombo chenye shafti chini haipo, hata kama kamba za kufungia zipo na taa inawaka.

Nataka hivi. Mnirudishie miezi miwili ambayo sijakaa, 700,000, huu mwezi wa kwanza sidai hata kama nimekaa kwenye tope. Mlipe shafti, 480,000, risiti ya fundi nimeambatanisha na picha nane, ile ya saa nne na dakika kumi ndio muhimu. Na tangazo mlibadilishe leo leo, kila nafasi iandikwe kina chake bamvua likikupwa. Kuna mtu sasa hivi anazunguka mji kama nilivyozunguka mimi, atawapigia, mtamwambia njoo saa kumi jioni.

Boti naitoa Jumamosi hii, ni bamvua tena, jamaa yangu atakuja kuivuta saa tisa na nusu mchana kwa hiyo mwambieni mzee asiweke ile boti ya mafuta mbele ya njia. Ila wewe meneja binafsi nakuomba uje saa nne asubuhi siku hiyo hiyo, tukutane pale pale nafasi ya pili kutoka mwisho. Buti za mvua zinatosha.

Wenu,
Mteja wa faiba nyeupe futi 28 (30 kwa hesabu yenu)
Dar es Salaam