Kumfunga mzee ili asianguke

Habari zenu wapendwa. Kwa sisi tunaohudumia wazee kwenye nyumba za kulelea hapa Marekani: kuna aliyeuliza humu kundini kama inaruhusiwa kumfunga mzee ili asianguke, na baadhi ya majibu yaliyotolewa tangu jana yanaweza kumponza mtu kazi, kwa hiyo naomba tuelewane.

Sheria ya shirikisho ya 1987 inampa mkazi haki ya kutofungwa kama adhabu, wala kwa kumrahisishia mfanyakazi kazi. Lazima iwepo sababu ya kitabibu, itumike njia inayombana kidogo kuliko zote, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na hali yake iangaliwe upya kila mara. "Usiku tuko wachache" si sababu. Najua inauma, ila ndivyo ilivyo.

Na kufunga si kamba tu. Shuka iliyochomekwa kwa nguvu hadi mzee hawezi kugeuka, meza ya kiti asiyoweza kuiondoa mwenyewe, kiti cha magurudumu kilichobanwa ukutani na kupigwa breki: vyote vinahesabika. Hata vyuma vya pembeni mwa kitanda, kama vinamzuia kushuka. Hivyo vyuma vinatisha zaidi, maana kuna wazee waliokufa kwa kunaswa humo.

Mtoto wa mzee akikwambia "mfungeni tu mama, nimeruhusu", mjibu kwa upole, umpeleke kwa nesi. Ruhusa yake peke yake haitoshi.

Majimbo nayo yana nyongeza zao, kwa hiyo someni sera za kazini kwenu. Dawa za kuwatuliza wazee tutazijadili kesho. Na tafadhali, picha za wakazi zisiletwe humu, hata sura ikifichwa.