Kompyuta sita kwa watoto wetu wa Konde: tunaomba mchango

Assalaam alaykum ndugu zetu wa Pemba, Unguja, bara na ng'ambo.

Mwaka jana skuli yetu ya msingi hapa Konde, Pemba, iliazimwa kompyuta mbili na kitabu cha mafunzo ya kuandika programu, yaani amri ambazo kompyuta huzifuata. Zoezi la kwanza: panga hatua za kutengeneza mtu wa theluji. Watoto walitukodolea macho, na wengine walitoka mle wakiamini kompyuta haiwahusu. Hilo lilituuma.

Ndipo mwalimu mmoja alipoingia darasani na bao. Akasambaza kete moja moja: ukiishia penye kete, chota uendelee, ukiishia patupu, umelala. "Masharti na marudio ya programu ndiyo haya," akawaambia. Hakuulizwa mara ya pili. Baadaye akamwalika bibi mshona mikeka. Bibi akautandaza ukili magotini, akawaonyesha ukindu wa rangi unavyopita juu, chini, juu, na hesabu inapobadilika ndipo ua linapotokea. Msichana wa darasa la tano akaichukua hesabu ile akaiandika kwa Scratch, programu ya bure iliyotoka Marekani mwaka 2007, ambayo amri zake zipo pia kwa Kiswahili. Ukili ukajisuka kwenye kioo. Bibi akasogea, akahesabu kwa kidole: "Hapa umeruka moja, mjukuu wangu." Kweli, ilikuwa imerukwa.

Sasa watoto wa wavuvi wanataka programu ya kutabiri bamvua, yale maji makubwa ya bahari, kwa tarehe za mwezi mwandamo. Lakini kompyuta za kuazima zimerudi kwa wenyewe, nao wanaandika amri zao kwa chaki sakafuni.

Tunatafuta shilingi 3,000,000. Kompyuta mpakato sita zilizotumika, kwa 400,000 kila moja, ni 2,400,000. Zinazobaki 600,000 ni za kabati la kufuli, nyaya, na posho ya bibi na wazee wa bao. Msilione dogo hili, wao ni walimu kama walimu wengine. Bando hatuombi, kwani Scratch ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti.

Hata shilingi 1,000 tunaipokea kwa shukrani. Mhazini wa kamati ya wazazi yupo skulini kila siku ya masomo hadi saa 8 mchana, na kila mchango unaandikiwa risiti. Mwenye kompyuta mpakato iliyolala kabatini atuletee, pamoja na chaja yake.