Kabla ya kumdai mjusi wa Tendaguru, Lindi ijengewe makumbusho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaeleze wasomaji, hasa wenzangu wa mikoa ya kusini, jambo nililoliona katika jiji la Jakarta nchini Indonesia, ambalo kwa maoni yangu linatuhusu sana sisi watu wa Lindi tunaodai mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, irudishwe kutoka Berlin, Ujerumani. Nilifika huko kwa matembezi mafupi, nikiwa nimefuatana na ndugu yangu aliyekuwa na shughuli zake za biashara, na kwa kuwa muda haukutosha kulizunguka jiji lenye watu zaidi ya milioni 10, niliamua kutazama yale tu yaliyo karibu na uwanja mkubwa wa Merdeka, pamoja na mji wa kale ulio upande wa pwani.

Joto la Jakarta ni lile lile la pwani tulilolizoea, na foleni zake hazina mfano, ingawa mabasi ya TransJakarta yamekuwa na njia yao wenyewe tangu mwaka 2004. Nilijaliwa pia kuswali Ijumaa katika msikiti wa Istiqlal, uliofunguliwa mwaka 1978 na unaotazamana na kanisa kuu la Wakatoliki. Aliyechora ramani ya msikiti huo, Friedrich Silaban, alikuwa Mkristo, na Waislamu wa huko wanalieleza jambo hilo kwa fahari, nami nililipenda sana.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike barua hii ni Makumbusho ya Taifa, yaliyo upande wa magharibi wa uwanja huo. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1868, enzi za Waholanzi, na mbele yake amesimama tembo wa shaba, zawadi ya Mfalme Chulalongkorn wa Siam (Thailand ya leo) ya mwaka 1871, ndiyo maana wenyeji huliita Jumba la Tembo. Ndani nilikuta sanamu kubwa za mawe za ufalme wa kale wa Singasari, zilizochongwa mashariki ya kisiwa cha Java katika karne ya 13, zikachukuliwa na Waholanzi na kukaa Leiden, mji wa Uholanzi, kwa karibu miaka 200, kisha zikarudishwa mwaka 2023. Katika marejesho ya mwaka huo zilikuwemo pia hazina za Lombok, ambazo jeshi la kikoloni lilizipora mwaka 1894 lilipoivamia jumba la mfalme wa kisiwa hicho. Sanamu ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima katika dini ya Buddha, ambayo wengi huihesabu kuwa nzuri kuliko zote za Java, ilitangulia kurudi mwaka 1978.

Mbele ya sanamu hizo nilikaa muda mrefu, na mawazo yangu yote yalikuwa Tendaguru. Wasomaji wanajua kwamba katika kilima hicho, kilicho kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Pengine wengi hawajui kwamba walioichimba na kuibeba walikuwa mababu zetu, mamia kwa mamia, ambao walitembea kwa miguu na mizigo hiyo hadi bandari ya Lindi, mpaka zikasafirishwa zaidi ya tani 200 za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwenda Berlin. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wanasayansi walimuenzi mwaka 2007 kwa kumpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, wakati hapa kwetu sijapata kumsikia mtoto wa shule akimtaja. Mjusi mkubwa wa huko, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937.

Hoja ya kumrudisha imefika bungeni mara nyingi, na mara nyingi imekwama kwenye gharama, utaalamu na mahali pa kumweka. Indonesia nao hawakukosa matatizo: mwezi Septemba 2023 moto uliunguza vyumba kadhaa vya makumbusho yale yale niliyoyaelezea, wakayafunga, wakayakarabati, na mwezi Oktoba 2024 wakayafungua tena. Hawakuacha kudai mali zao kwa sababu ya moto ule, na Septemba 2025 serikali ya Uholanzi ilikubali kuwarudishia visukuku zaidi ya 28,000, vikiwemo vya yule binadamu wa kale wa Java aliyechimbuliwa na daktari Mholanzi Eugène Dubois huko Trinil, kisiwani Java, mwaka 1891. Swali la mahali pa kuweka walikuwa wamelijibu zamani.

Atakayesema kwamba Lindi hatuna uwezo wa kujenga jumba kama lile, nitamjibu kwa yale niliyoyaona katika mji wa kale wa Jakarta. Huko, ukumbi wa mji uliokamilika mwaka 1710 ndio makumbusho ya historia ya jiji, na maghala ya kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara ya viungo yamekuwa makumbusho ya bahari, jirani na bandari ya Sunda Kelapa ambako vyombo vya mbao bado vinapakia na kupakua mizigo. Hata kwetu kusini mfano upo, kwani Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli inayopokea wageni. Majengo ya kale ya mjini Lindi, yaliyo karibu na ufukwe ule ule ambako mizigo ya mifupa ilipakiwa, yanaendelea kubomoka kila masika, na moja kati yake lingetosha kabisa kuanzia.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Maliasili na Utalii, ikishirikiana na Manispaa ya Lindi, ichague jengo, ilitengeneze, na iombe Berlin nakala za plasta za mifupa pamoja na picha na kumbukumbu za uchimbaji, bila kuacha kudai mifupa yenyewe. Barabara ya kwenda Tendaguru nayo ifanywe ya kupitika mwaka mzima, na vijana wa vijiji jirani na kilima wafundishwe kuongoza wageni. Jina la Boheti bin Amrani liandikwe mlangoni.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Lindi Mjini