Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, wazazi na wanafunzi wenzetu. Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua ratiba yako imebana na nyama imeshaiva, hivyo historia tutaipitia mbio.

Klabu ilianza na wanafunzi 7 na kopo moja la rangi. Leo tupo 38, na sifa zetu zimevuma hadi ngazi ya kata, ambako jogoo tuliyemchora anapamba ukuta wa ofisi ya Mtendaji.

Mheshimiwa, tunafuata nyayo za mwana wa Kilimanjaro, marehemu Sam Ntiro, aliyesomea uchoraji Makerere na London, akaja kuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Ni mchoro wa rangi za mafuta, sentimita 41 kwa 51 hivi, mdogo kuliko dirisha la darasa. Mwaka 1960 ukaingia Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, kwa fedha za mfuko wa Elizabeth Bliss Parkinson. Hatujasikia kwamba umewahi kuvujiwa.

Hatuombi nauli ya kwenda kuutazama. Tunaomba paa.

Picha zetu zinalala stoo, pamoja na majembe. Masika iliyopita tulitoa picha ya bibi anayepepeta ulezi, tukakuta mchwa wameanza na miguu, wamepanda hadi kwenye ungo. Aliyeichora ameshahitimu.

Chumba cha sanaa wazazi walikijenga kwa nguvu zao hadi usawa wa renta. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mabati, tukapiga makofi. Wa mwaka jana aliahidi kumkumbusha wa mwaka juzi, tukapiga makofi pia. Barua tumeandika tatu, na nakala zake utakabidhiwa pamoja na zawadi yako.

Mahitaji ni mabati 48 ya geji 28, mbao za kenchi, na mlango wenye kufuli. Makofi yapo tayari, ila safari hii tungependa kuyapiga mabati yakishushwa.

Kwa sasa, Mheshimiwa, ndani ya chumba hicho umeota mpapai. Umezaa mwaka huu, na hilo papai lililo mezani kwako ndilo tunda lake la kwanza. Karibu sana.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Sanaa